Mgonjwa mwenye kichocheo cha neva anapoingia thieta

Kichocheo cha neva ni kifaa chenye betri na waya kinachopeleka mipigo ya umeme kwenye neva, uti wa mgongo au ubongo. Kabla ya kupanga dawa za usingizi, muulize mgonjwa: kifaa kikizimwa, unapatwa na nini? Mwenye waya kwenye uti wa mgongo kwa kawaida atarudiwa na maumivu, basi. Mwenye elektrodi ubongoni kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson atatetemeka na kukakamaa, hata kumeza kukawa shida. Wa distonia, ugonjwa wa misuli kujikaza yenyewe, anaweza kupatwa na mikazo ya kuhatarisha maisha. Hao wawili mimi huwazimia wakishalala, na huwashiwa kabla hawajaamka. Waje na kadi ya kifaa na rimoti yake.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni koteri, kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu. Umeme wa monopola hutoka kwenye ncha, hupita mwilini, huishia kwenye pleti iliyobandikwa kwenye ngozi. Waya wa kichocheo ukiwa njiani huudaka umeme huo na kuupeleka kwenye elektrodi, nazo zikachemka na kuunguza ubongo au neva. Mwombe mpasuaji atumie baipola, ambayo umeme wake hauvuki zaidi ya ncha zake mbili. Monopola ikishindikana kuepukwa, iwe nguvu ndogo, miguso mifupi, na pleti ikae mahali ambapo umeme haukatizi betri wala waya. Betri iko kifuani na goti la kulia ndilo linapasuliwa? Pleti ibandikwe paja la kulia. Diathemi ya mawimbi mafupi, ile ya fiziotherapia ya kupasha joto mwilini, ni marufuku hata kifaa kikiwa kimezimwa, kwa kuwa waya bado uko mwilini.

Sumaku nayo huwadanganya waliozoea pesimeka, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Kwenye kichocheo cha neva ya vagasi cha kifafa, ukiishikilia juu ya betri mipigo husimama. Ukiipitisha tu, unaongeza mpigo. Mpigo huo huvuta kamba ya sauti ya kushoto, kwa hiyo ukitumia maski ya koo (inayokaa juu ya kamba za sauti) na hewa ikaziba na kufunguka kwa vipindi, shuku kichocheo kabla ya kuhangaika na maski. Napendelea mpira wa kwenye trakea, yaani bomba la hewa.

ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ikijaa michirizi kwa mwenye elektrodi za ubongo, tazama kwanza wimbi la oksimita, kipimo cha mapigo na oksijeni kidoleni. Levodopa, dawa ya Parkinson, isikatizwe; metoklopramidi ya kichefuchefu na haloperidoli ya kutuliza akili zisimguse wa Parkinson, kwa kichefuchefu ondansetroni inatosha. Ukitaka ganzi ya mgongo kwa mwenye waya huko, piga eksirei ujue umepita pingili zipi, usije ukauchoma sindano.

Mwishoni kiwashwe, na mtaalamu wake akague mipangilio na upinzani wa waya kabla mgonjwa hajaruhusiwa.