Coperto kwenye bili ya Italia si wizi wa watalii

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozungushwa kwenye magrupu ya wasafiri: ukila kwenye mgahawa wa mtaani Italia, ule wa kifamilia unaoitwa trattoria, na bili ikaja na mstari wa "coperto", basi umeibiwa kwa sababu wewe ni mgeni. Kataa kulipa, unasema.

Si kweli. Coperto ni tozo ya kila mtu aliyeketi mezani, kwa kawaida yuro 1 hadi 3, kwa ajili ya mkate, kitambaa cha meza na vyombo. Waitaliano wenyewe huilipa. Wala si bakshishi: haimwendei mhudumu, na ada ya huduma, "servizio", huandikwa peke yake.

Kuhakiki ni rahisi. Tozo hiyo sharti iandikwe kwenye menyu, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, kwa hiyo isome kabla ya kuagiza. Isipokuwapo, una haki kamili ya kuomba iondolewe.

Mkanganyiko unaeleweka. Mkate huletwa bila kuombwa, mtu akadhani ni wa bure. Tena mkoa wa Lazio, ulipo mji wa Roma, uliikataza coperto kwa sheria ya mwaka 2006, ingawa mkate wenyewe unaweza kutozwa ukiwa kwenye menyu. Katazo la mkoa mmoja likasambazwa kama la nchi nzima.

Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze. Unawagombanisha wageni na wahudumu wasio na kosa.