Safu ya mbatizaji: sharika za Kilimanjaro baada ya mwaka 1920

Kazi yangu ni kusoma nyaraka za kanisa, hasa vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya sharika za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania. Kwa sababu hiyo huitwa mara kwa mara kuzungumza na wazee wa kanisa ambao usharika wao unapita katika kipindi cha mpito: mchungaji waliyemzoea amehamishwa, mtaa mkubwa, yaani sehemu ya usharika, umejitenga na kuondoka na nusu ya sadaka, au deni la jengo limewaelemea. Katika vikao hivyo husikia kauli ileile, kwamba jambo hili tumwachie Mungu. Naiheshimu, lakini nimezoea kuuliza: mnamwachia Mungu sehemu gani, na ipi inabaki mikononi mwenu? Swali hilo nimelipata kwa Wakristo wa Kilimanjaro wa mwaka 1920, ambao hawakuwa na nafasi ya kulikwepa.

Wamisionari wa Leipzig, shirika la misioni la Kilutheri kutoka Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893, wakafungua Mamba mwaka uliofuata na baadaye Moshi ya zamani, kule Kidia. Vita vilipoanza mwaka 1914, njia ya fedha kutoka Ujerumani ilifungwa. Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916, na kwa miaka michache wamisionari wengi waliendelea na kazi chini ya macho ya jeshi, hadi mwaka 1920 walipoamriwa kuondoka, akiwamo Bruno Gutmann wa Kidia. Walioruhusiwa kubaki walikuwa wachache sana, wenye asili ya nchi za Baltiki, nao walipaswa kuzungukia mlima mzima pamoja na Meru na Arusha. Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 438, ulikuwa umeamua kwamba mali za misioni za Kijerumani ziwekwe chini ya wadhamini wa imani ileile. Mkataba huo ulishughulika na majengo, mashamba na kengele, si na nani atakayebatiza watoto wa Mamba Jumapili ijayo.

Hapa ndipo penye uzito, na msomaji asiye Mlutheri aniruhusu nieleze kidogo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la msingi la imani ya Kilutheri, linasema kwamba Kanisa lipo pale Injili inapohubiriwa kwa usahihi na sakramenti zinapotolewa ipasavyo, na linasema pia kwamba asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti. Yaweke maneno hayo mawili mbele ya usharika ambao haukuwa na hata mchungaji mmoja mzawa aliyewekewa mikono, maana kwa miaka zaidi ya 25 ya kazi Leipzig walikuwa bado hawajambariki Mchaga yeyote kuwa mchungaji. Walikuwapo walimu hodari, walikuwapo wazee waliojua Katekisimo Ndogo, kitabu cha Luther cha mafundisho ya msingi, kwa moyo, lakini mwenye ruhusa ya kusimama kwenye meza ya Bwana na kutoa sakramenti alikuwa Mzungu, na Mzungu alikuwa amepandishwa meli. Kwa lugha ya mtaani, kanisa lilikuwa limeachiwa funguo za nyumba yote isipokuwa za jikoni.

Kuna kitabu kimoja cha ubatizo ambacho nimekishika mara nyingi, cha usharika ambao sitautaja. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wa Kijerumani uliolala kama majani yaliyopigwa na upepo, kwa wino mweusi mzito. Katikati ya ukurasa mmoja mwandiko unabadilika ghafla kuwa herufi za duara, zilizosimama wima, mwandiko wa mtu aliyefundisha watoto kuandika ubaoni. Wino unafifia, kana kwamba uliongezwa maji, kisha inakuja penseli. Lakini safu ni zilezile: jina la mtoto, baba, mama, wasimamizi, tarehe ya kuzaliwa. Kinachokosekana ni tarehe ya ubatizo na jina la mbatizaji. Mwalimu yule aliandika watoto kadiri walivyozaliwa, akaacha safu hizo mbili wazi, mtoto baada ya mtoto, miezi ikapita. Kisha, kwa siku moja tu, safu zote zinajazwa kwa mkono mwingine: mchungaji mzungukaji alikuwa amefika. Panapoonekana ubatizo uliofanywa na mwalimu mwenyewe, pembeni pameandikwa neno moja, "mgonjwa", kwa kuwa Walutheri huruhusu Mkristo yeyote kubatiza anayekaribia kufa.

Nimeutazama ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko inavyostahili nyaraka ya kawaida. Kumtegemea Mungu, kwa jinsi ninavyoisoma pale, kulikuwa ni kupiga mistari ya safu ambayo hukuwa na uwezo wa kuijaza. Mwalimu hakujitwalia kazi ambayo hakuitiwa, wala hakufunga kitabu akisubiri meli irudi.

Nisiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Sharika hizo zilisimama pia kwa sababu zilikuwa na miguu. Gutmann alikuwa ameshikilia, hata kwa ukaidi, kwamba kanisa la Uchaga lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, na kwamba kila ujirani uwe na wazee wake wa kuamua magomvi na kuangalia wagonjwa. Mawazo yake mengine kuhusu jamii nayatilia shaka, lakini wazee wale hawakuhitaji ruhusa ya mtu kuendelea na kazi. Nyimbo na katekisimo zilikuwa katika Kichaga, kwa hiyo lugha ya ibada haikupanda meli pamoja na waliofukuzwa. Na sadaka ilikuwa ndizi (mbege, pombe ya ndizi, haikuruhusiwa), maharage, na polepole kahawa, ambayo wakulima wa mlimani walikuwa wakiipanda kwa wingi hata wakaunda chama chao mwaka 1925.

Bukoba hali ilifanana, ingawa kwa historia tofauti. Huko Injili ya Kiprotestanti ilivuka kutoka Buganda kabla ya wamisionari wa Bethel, shirika jingine la Kijerumani, kufika mwaka 1910, na watu kama Andrea Kajerero walikuwa wakikusanyika na kusoma bila mmisionari. Wajerumani walipoondolewa, Wahaya walirudi tu kwenye hali waliyoianzia. Nadhani ndiyo sababu mshtuko wao ulikuwa mdogo kuliko wa Kilimanjaro.

Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia katika miaka ya 1920, na kuanzia katikati ya muongo huo Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Wangeweza kuendelea palepale walipoachia. Lakini walirudi kwa watu waliokuwa wameendesha kanisa bila wao, na swali la kwa nini hakuna mchungaji mzawa halikuweza tena kuzungushwa. Lilichukua muda, muda mrefu mno kwa maoni yangu, hadi mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wazawa wa eneo hilo walipowekewa mikono. Wengi wao walikuwa walimu wa miaka ile ya penseli.

Wazee wa leo wanapolalamika kwamba mchungaji mpya hajafika na kwa hiyo hakuna kinachowezekana, huwaeleza habari hii, kisha huwaomba waniletee vitabu vyao tuvitazame pamoja. Si wote hufurahi. Usharika mmoja ulikuwa haujaandika kifo hata kimoja tangu mchungaji ahamishwe, na makaburi mapya tuliyaona kwa macho dirishani.

Kitabu kile cha zamani kinaendelea hadi Vita Vikuu vya Pili, wakati Wajerumani walipokamatwa tena na kuwekwa kizuizini. Mara ya kwanza nilipofikia mwaka 1940 nilitarajia pengo lingine, nikaandaa hata karatasi ya kunakili majina ya watoto waliosubiri. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Tarehe zimejaa, na katika safu ya mbatizaji kuna sahihi moja, ya Kichaga, kwa herufi za duara zilizosimama wima.