Kupanda Maporomoko ya Murchison na watoto: anzieni chini, nendeni polepole

Mzazi akinipigia simu kabla ya safari, swali lake la kwanza huwa ni urefu wa njia. Nami humuuliza mtoto wake mdogo kuliko wote ana miaka mingapi. Kutoka ukingoni mwa Nile, chini ya maporomoko, mpaka juu kabisa, mtu mzima mwenye pumzi nzuri hatumii hata saa moja. Nikiwa na watoto natenga saa mbili, na sijawahi kuona kwamba zimezidi.

Kazi yangu ni kuongoza watu kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, Uganda. Nyumbani ni Masindi, ambako wazee wa Kinyoro bado wanayaita maporomoko haya Kabalega, kwa jina la Omukama (mfalme) wao aliyepigana na Waingereza. Jina la Murchison lililetwa na Samuel Baker, aliyefika hapa mwaka 1864 pamoja na mkewe Florence. Watoto nawafundisha yote mawili.

Familia nyingi hufika juu kwa gari, hupiga picha, halafu huteremka kwa miguu kwenda kutazama mto. Mimi napendelea kinyume chake. Pandeni mashua Paraa, iwapandishe mto hadi chini ya maporomoko, mpande kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi, na dereva azunguke na gari awasubiri juu. Mtoto anayepanda akiteleza huangukia viganja vyake. Anayeteremka huanza kukimbia bila kutaka, na miguu ikishashika kasi hiyo hakuna wa kumdaka. Tena anayepanda ana jambo linalomvuta mbele, maana mngurumo unazidi kila kona. Chukueni mashua ya asubuhi. Ya mchana inawashusha wakati jua limeyachemsha mawe.

Safari huanzia majini. Muda mrefu kabla ya kuyaona maporomoko, mtaona mapovu meupe yakielea mtoni. Mtoto mmoja aliniuliza, “Mjomba, nani anafua huko juu?” Nilimwambia hakuna afuaye. Mto umebeba masalia ya majani na nyasi zilizooza, yanayofanya maji yashike povu kwa urahisi, na maporomoko yanayapiga pamoja na hewa kama mama apigavyo mayai kwenye bakuli. Tangu hapo aliyahesabu mabonge ya povu na kututangazia kila yalipoongezeka. Alijua tunakaribia kabla ya sisi wakubwa.

Sasa niseme linaloniumiza roho. Wazazi wanauogopa mngurumo, wakifika penye maji matulivu wanapumua na kumwachia mtoto mkono. Hapo penye utulivu ndipo mimi ninapoogopa zaidi. Mamba hulala kwenye kingo hizo, na karibu na maporomoko wanapata samaki waliolegezwa na nguvu ya maji. Kiboko naye hutoka usiku kula nyasi na ana njia zake za kurudia mtoni. Usisimame kati yake na maji. Na pasipo na mamba wala kiboko, popote penye maji ya polepole na magugu kando ya Nile na Ziwa Victoria, kuna konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi isiyo na kidonda chochote, ndani ya dakika chache tu. Kuchovya miguu kidogo ili kupoa kunatosha kabisa kuambukizwa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na mtoto aliyekwisha kuingia majini apelekwe kituo cha afya akapimwe hata kama haumwi chochote. Maji ya kujipooza yabebeni kwenye chupa.

Kwenye kupanda nina sheria moja. Mdogo kuliko wote anatangulia, nyuma tu ya askari. Zamani niliwaacha vijana wenye nguvu watangulie, nikidhani watawatia wenzao moyo. Siku moja binti wa miaka kama sita aliketi juu ya jiwe akagoma. Mama yake alidhani amechoka. Nilipochuchumaa mbele yake, akaniambia, “Wameniacha.” Tulimleta mbele, akashika fimbo yangu, na hakuketi tena mpaka juu. Hakuwa amechoka hata kidogo. Tangu siku hiyo mwendo wa kundi ni mwendo wa mguu mfupi kuliko yote, na kaka wakubwa wakinung'unika nawapa kazi ya kubeba maji.

Mavazi yasiwe ya buluu iliyokoza wala meusi. Mbung'o wamejaa kwenye pori la barabara iendayo juu, na rangi hizo zinawavuta. Ndiyo maana mitego mnayoiona imening'inizwa mitini imeshonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Sweta la shule la buluu liacheni nyumbani. Khaki au kijivu hafifu inafaa.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano hivi, kama hamna wa kumbeba mgongoni kwa lesu, msimlazimishe. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ina nyasi, vivuli na mbega juu ya miti, na gari haliko mbali akisinzia. Jinja nako, penye chanzo cha Nile, hakuna mlima wa kupanda. Maporomoko yatamngoja.

Kabla ya kona ya mwisho nasimamisha kundi na kukubaliana ishara, kwa sababu juu hakuna sauti inayosikika. Mkono juu maana yake simama. Mikono miwili, rudi kwangu. Tunaijaribu mara tatu. Kisha kila mtoto anashikwa mkono na mtu mzima mmoja, hata mwenye miaka kumi na miwili anayeona haya, maana manyunyu yamelowesha mawe na kizuizi hakikuzunguka kila mahali.

Hapo Nile nzima inajibana kwenye mwanya wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Pembeni kuna maporomoko ya Uhuru, yaliyofunguliwa na mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipojitawala. Wakubwa hutazama maji. Watoto, wakishatazama kidogo, huinama, kwa kuwa ardhi ya hapa imejaa ulanga, vipande vyembamba vinavyometa juani kama magamba ya samaki. Waacheni wachuchumae, mbali na ukingo, wauchambue kwa vidole. Chakula msikifungue hapo, nyani wa kwenye maegesho wanaijua vizuri sauti ya mfuko wa plastiki. Ulanga tunauacha pale pale, lakini ule ulioganda viganjani huwa hautoki mara moja, na njiani kurudi Masindi naona mikono midogo ikigeuzwa geuzwa kwenye dirisha la gari.