Kwa nini upasuaji wa taya husubiri kijana amalize kukua?

Mtoto ana miaka 13 na taya lake la chini limetangulia mbele. Akifunga mdomo, meno ya chini yanakaa mbele ya yale ya juu, na chapati anaikata kwa magego ya pembeni kwa sababu meno ya mbele hayakutani. Mzazi yuko tayari kwa upasuaji, lakini daktari anasema wasubiri hadi kijana afike miaka 18, pengine hata 20. Kwa nini?

Mifupa ya kichwa haiachi kukua kwa wakati mmoja. Fuvu linalobeba ubongo hukaribia ukubwa wake wa mwisho mapema utotoni, taya la juu hufuata, na taya la chini ndilo linalofunga safari. Kwa wasichana wengi humaliza kukua kati ya miaka 15 na 17, kwa wavulana 17 hadi 20 au zaidi, na lile lililozidi urefu ndilo huchelewa kuliko yote. Ukilikata na kulirudisha nyuma milimita 6 akiwa na miaka 14, litaendelea kukua vilevile. Miaka michache baadaye meno ya chini yameshapita tena ya juu, na kijana anarudi chumba cha upasuaji.

Kurudi huko si jambo dogo. Upasuaji unaotumika sana, ambao Richard Trauner na Hugo Obwegeser waliueleza mwaka 1957, hupasua taya la chini pande zote mbili kutokea ndani ya mdomo. Mkato hupita karibu kabisa na mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Ganzi hubaki kwa wiki au miezi, na kwa baadhi ya watu haiishi. Sioni sababu ya kumpitisha kijana hapo mara mbili ikiwa subira ingetosha.

Daktari hujuaje kwamba taya limetulia? Kimo peke yake hakitoshi, maana kijana anaweza kuacha kurefuka na taya bado linasogea. Kinachofanyika ni kupiga picha ya eksirei ya kichwa kwa upande, kurudia baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kuchora mistari ya picha hizo na kuipandanisha. Ikiwa kidevu kimesogea hata kidogo, wanangoja. Taya la chini likiwa fupi, kanuni hulegezwa, kwa kuwa ukuaji uliobaki hauharibu kazi kwa kiasi kile.

Hata ukuaji ukiisha, kuna subira nyingine, nayo huwashangaza wengi. Kwa miaka yote hiyo meno yamekuwa yakijaribu kuficha kasoro: ya chini yamelalia ndani, ya juu yameinamia nje. Taya likirudishwa hivyohivyo, meno yatagongana kabla mfupa haujafika mahali pake. Kwa hiyo mgonjwa huvaa waya za meno kwa mwaka mmoja au zaidi ili kila jino lisimame wima juu ya mfupa wake. Katika kipindi hicho kidevu huonekana kimezidi kuliko mwanzo, na ni vizuri familia iambiwe mapema, maana wapo wanaodhani matibabu yameharibika.

Mwaka 2009 madaktari wa Sendai, Japani, walieleza njia ya kuanza na upasuaji kisha waya. Sura hubadilika mara moja, na kwa miezi michache mfupa unaopona huruhusu meno kusogea haraka. Lakini meno yakiwa yamebanana au kupinda sana, mpango huo huwa mgumu kuukadiria.

Wapo wasiopaswa kungoja. Mtoto mchanga ambaye taya lake dogo linamzibia pumzi anaweza kukatwa mfupa na kuurefusha taratibu, takriban milimita 1 kwa siku. Na mtoto wa miaka 8 ambaye taya la juu ndilo lililobaki nyuma anaweza kuvalishwa kifaa cha usoni kinachovuta taya hilo mbele, kwa sababu maungio ya mifupa yake bado ni laini. Baada ya umri wa miaka 10 hivi nguvu ya kifaa hicho hupungua, kwa hiyo mtoto apelekwe kwa daktari wa kupanga meno akiwa bado shule ya msingi, hata kama upasuaji wenyewe uko miaka mingi mbele.