Mazingira ya mashine ya kujengea ni nini?

Mashine ya kujengea ni kompyuta inayochukua msimbo uliotoka kuandikwa, inaugeuza kuwa programu kamili, kisha inaupitisha kwenye majaribio bila mtu kubonyeza chochote. Mara nyingi ni seva iliyo mbali, inayoongozwa na programu kama Jenkins. Mazingira yake ni kila kilichomo humo ambacho si msimbo wako: mfumo endeshi, toleo la lugha ya programu, maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine ambao wako unautegemea), hifadhidata, lugha iliyochaguliwa, hata saa.

Saa ndiyo husahaulika kuliko vyote. Chukua programu ya kuandikia mavuno ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wavuvi hukesha ziwani na taa zao, kwa hiyo kuna beseni litakalohesabiwa saa saba usiku, yaani 01:00. Sisi tunaitangulia UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, kwa saa mbili, na seva nyingi huwekwa kwenye UTC. Kwa seva, beseni hilo limeingia saa 23:00 ya jana. Jaribio linalouliza "leo tumepata mabeseni mangapi?" linapita kwenye ordinateri yako, linaanguka kule, na msimbo ni uleule herufi kwa herufi. Kuandika "saa ya Kongo" hakusaidii, maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Jina ambalo kompyuta inalielewa ni Africa/Lubumbashi.

Mitego mingine ni midogo lakini inauma vilevile. Windows huona Bei.csv na bei.csv kuwa faili moja. Linux huona mbili. Ordinateri iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za kwetu, huandika kilo 3,5. Seva iliyowekwa Kiingereza huandika 3.5.

Kueleza mazingira, basi, ni kuyaandika yote hayo kwenye faili inayokaa pamoja na msimbo, kwa namna ambayo mashine yenyewe inaisoma na kuyajenga upya. Maelezo yanayotumwa kwa WhatsApp kila anapokuja mgeni kazini hayahesabiki, kwa sababu hakuna kinachoyalazimisha kubaki kweli. Tangu Docker, programu inayofungasha msimbo pamoja na mazingira yake, ilipotoka mwaka 2013, wengi hutumia faili yake iitwayo Dockerfile. Miwili kati ya mistari yake inaweza kuwa hivi:

FROM python:3.12.4
ENV TZ=Africa/Lubumbashi

Mstari wa kwanza unataja toleo la Python, lugha ya programu. Tazama ile 4 ya mwisho. Ukiandika 3.12 peke yake, toleo dogo litabadilika siku mpya ikitoka, bila wewe kugusa kitu. Neno "latest" ni baya zaidi: kwenye GitHub Actions, mashine za kujengea za GitHub, ubuntu-latest ilikuwa Ubuntu 22.04, ikaja kuwa 24.04, na jina halikubadilika. Mimi siliruhusu neno hilo kwenye mradi wowote ninaousimamia. Tena kwetu huku, ambako megabaiti hununuliwa kwa kuhesabu, toleo lililotajwa wazi linapakuliwa mara moja na kukaa. Linalosogea hukulipisha tena.

Ongeza jambo moja: kila majaribio yanapoanza, mashine ichapishe toleo la Python, saa yake na lugha yake kabla ya jaribio la kwanza. Jaribio la sambaza likianguka, mistari hiyo mitatu ndiyo unayoisoma kwanza, kabla ya kufungua msimbo.