Kura ya mfalme: yasemwayo kijiweni na yaliyotokea kweli

Mpwa wangu yuko kidato cha sita hapa Tanga. Kwenye mdahalo wamepewa nchi ya kubuni, wakaiita Marijani, inayopiga kura ya maoni kuchagua ufalme au jamhuri. Jioni akaja na daftari lake kijiweni Ngamiani, akitaraji wazee wamjazie hoja. Walimjazia kweli, ila mengi hayakuwa sahihi. Nikaona niyanyooshe kabla hajapanda nayo jukwaani.

"Kura ya maoni si ile ya kuchuja wagombea?"

Hapa kosa ni la lugha yetu. Kura za maoni tulizozizoea ni za ndani ya chama, pale wanachama wanapopanga nani asimame. Hii nyingine ni ya wananchi wote, nao huulizwa jambo moja la nchi. Zanzibar waliipiga Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Ile ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 2015, iliahirishwa.

"Sisi tulipopata Uhuru tu tukawa jamhuri."

Mzee mmoja aliapa kwa hili, kikombe kikimtetemeka mkononi. Mzee wangu, samahani. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 na mkuu wa nchi akawa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwaka mzima tulikuwa nchi huru yenye malkia. Jamhuri ilikuja Desemba 9, 1962.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: "Mjomba, sasa hiyo kura ya kumwondoa malkia ilikuwaje?" Haikuwapo. Jambo hilo lilipitia bungeni. Wananchi walipiga kura Novemba 1962 kuchagua rais, kati ya Julius Nyerere na Zuberi Mtemvu; malkia abaki au aondoke hawakuulizwa. Barbados nao walifanya vivyo hivyo mwaka 2021: Bunge likaamua, kura ya maoni haikupigwa.

Na kama ni wafalme, mkoa huu hauna haja ya kuwatafuta ng'ambo. Wakilindi walitawala Usambara kutoka Vuga, na enzi ya Kimweri ye Nyumbai ilishuka milimani hadi pwani yetu hii. Mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Huko pia hakuna aliyetumbukiza karatasi sandukuni.

"Watu wakiulizwa, mfalme hana lake."

Italia, ndiyo. Juni 2, 1946 jamhuri ilipata kama asilimia 54, na Mfalme Umberto wa Pili, aliyekuwa amekaa kitini mwezi mmoja tu, akaenda kuishi Ureno. Rwanda nako, Septemba 1961, wengi waliukataa ufalme.

Lakini Norway mwaka 1905 ilikuwa imejitenga na Sweden, kiti kitupu. Wakamwendea mwanamfalme wa Denmark, Carl. Akasema haji mpaka ajue wananchi wenyewe wanamtaka. Kura ikapigwa Novemba, karibu asilimia 79 wakamkubali, akatawala kwa jina la Haakon wa Saba. Ugiriki ndio wanaochosha: walipiga kura kuhusu mfalme 1924, 1935, 1946, 1973 na 1974, huyu anatoka, huyu anarudi, hadi hiyo ya mwisho ilipomaliza maneno.

"Jamhuri ndiyo demokrasia."

Korea Kaskazini ni jamhuri. Japani ina mfalme. Tuendelee.

"Swali ni jepesi: ndiyo au hapana."

Hapa ndipo nilipomkalisha kijana. Australia walipiga kura Novemba 6, 1999. Wengi wa waliotaka jamhuri walitaka pia kumchagua rais wao wenyewe, ila karatasi ilisema rais atateuliwa kwa theluthi mbili ya Bunge. Baadhi yao wakakataa pamoja na wapenzi wa malkia, na hapana ikapata kama asilimia 55. Kwa hiyo walioipigia hapana hawakuwa wote wa malkia.

Halafu kuna la nani anaulizwa. Afrika Kusini iliamua kuwa jamhuri kwa kura ya Oktoba 1960, ndiyo ikapata kama asilimia 52. Waliopiga kura ni Wazungu peke yao.

Mpwa wangu akafungua tena daftari. Karatasi ya kura ya Marijani waliyoichora darasani ilikuwa na visanduku viwili, Ufalme na Jamhuri, basi. Rais anachaguliwa na nani, mfalme akifa anarithi nani, nani ana haki ya kupiga kura: hakuna neno. Akaikata kwa msitari, akaomba kalamu nyingine kwa sababu yake imekwisha wino, na mzee aliyekuwa ameapa akamwongezea kashata.