Kufuta jina siyo kumficha mtu

Malalamiko yamezidi siku hizi, watu wanauliza mbona mtu wa utafiti kaja nyumbani na simu kauliza suali za uzazi na presha, majibu yanakwenda wapi. Suali zuri. Lakini wengine wanaruka moja kwa moja, ati ukijibu damu yako ishauzwa. Jamani, hapana damu hapo, ni maandishi tu kwenye simu, hilo tumelisema mpaka midomo imechoka.

Linalotusumbua sisi tunaopitia maombi ya utafiti ni jengine. Mtafiti anataka mafaili ya kliniki aifundishe kompyuta kutabiri mjamzito gani atapata matatizo, anatwambia majina nishayafuta. Haya, majina umefuta, umeacha shehia (eneo dogo la sheha), umri, tarehe ya kujifungua na kwamba kazaa pacha watatu. Sensa ya 2022 Zanzibar nzima watu 1,889,773, ukigawa kwa shehia ni kama elfu tano tano tu. Pacha watatu Kojani, kisiwa kidogo kile cha Pemba, hata mtoto wa chuoni atakwambia mama yao nani! Marekani nchi kubwa vile, mtafiti Latanya Sweeney alionesha mwaka 2000 kwamba posta kodi, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinatosha kumjua mtu mmoja mmoja kwa kama asilimia 87 ya watu wao.

Kwa hiyo ombi linaletwa Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHREC) kabla ya kazi, siyo data zishakusanywa ndo unakuja kuomba baraka, hata kama humchomi mtu sindano. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, nakala mbili, moja inabaki kwa mshiriki. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa mradi, kisha anatia dole gumba. Mtoto anasainiwa na mzazi, na mwenyewe aulizwe kama keshakuwa na fahamu. Ukibadilisha lengo unarudi tena, data zikitoka nje ya nchi uje na mkataba unaosema nani anazishika, mpaka lini, nani mwengine atazigusa. Na barua ya sheha siyo ridhaa, sheha anakufungulia shehia tu, hawezi kukubali kwa niaba ya mke wa mtu.

Data zikikaa kwenye seva Dar es Salaam ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, ukizitoa kinyume cha sheria faini ni laki moja mpaka milioni 20, au jela isiyozidi miaka 10, au vyote viwili, kampuni inafika bilioni 5.

Wewe mwananchi ukikataa utafiti, dawa unapewa vilevile. Akikwambia mtu usiposaini hupimwi, njoo na jina la mradi na nambari ya kibali, vimeandikwa kwenye fomu. Tunaletewa "walipita vijana wa fulana nyeupe", sasa vijana wa fulana nyeupe Unguja hii si wamejaa tele.